Sista Aliyeongeza Sheria Baada ya Sakafu Kukauka

Mwaka 1973, hapa Mpanda, nilimkuta sista wa Kizungu amelala kifudifudi kwenye sakafu niliyokuwa nimeisiriba.

Shavu limegusa udongo. Jicho moja kalifumba.

Nikajua kafa.

"Romana," akasema bila kuinuka, "mkono wako haukosei."

Huyo ndiye Sista Getrude, mtu wa Austria, niliyempikia pale misheni. Mimi niliishia darasa la nne, mama alipougua, na aibu yangu ilikuwa ugonjwa mwingine. Mgeni akija, najificha jikoni.

Basi siku ile akanisimulia mchezo wa ujana wake. Kwao watu huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanateleza juu ya maji yaliyoganda.

Nilipomwambia rafiki yangu Paskalia, alicheka mpaka akakaa chini. "Juu ya maji? Petro mwenyewe alizama."

Lakini mimi kilichonikaa ni jambo jingine.

Sista alisema mchezo ule ulianzia kwenye kuchora. Mshindani anachora duara kwa mguu, anarudia juu ya mstari uleule, mara ya pili, ya tatu. Kisha anasogea pembeni, waamuzi wanainama kukagua alama alizoacha kwenye barafu. Kuruka na kucheza kwa muziki kulikuwepo, ila enzi zake miduara ilibeba zaidi ya nusu ya maksi.

Huchekei mtu. Huongei. Wanakagua kazi, wewe wanakuacha.

We acha tu. Nilijiona mle ndani.

Mwaka uleule masista wakapata nafasi moja ya msichana kwenda Tabora kusomea maarifa ya nyumbani. Shule nyingine zote zilitaka cheti cha la saba; hii ilitaka mikono.

Sista Getrude akatangaza: kila msichana atasiriba chumba kimoja cha nyumba mpya ya misheni, kule Makanyagio, kwa udongo wa kichuguu. Atoke nje, naye akague.

Tulijitokeza wawili tu, mimi na Paskalia.

Nilisiriba kwa kiganja, nusu duara juu ya nusu duara, mpaka mlangoni. Chumba cha Paskalia kilikuwa na mabonde ya kupandia mpunga. Mwenyewe alichungulia changu akaguna. "Dada, hapa umenizika."

Jumapili, baada ya misa, Sista akaongeza sheria.

Alisema hata kwao mwaka huu wamepunguza maksi za miduara. Watu wa televisheni walichukia kuona medali ya dhahabu inakwenda kwa mwanamke aliyechora vizuri, wakati kwenye kucheza alikuwa wa saba. Kwa hiyo na sisi tusimame mbele ya waumini, tueleze kazi yetu, tuimbe. Nusu ya maksi iko hapo.

Paskalia aliimba, akamtania katekista, akina mama wakapiga vigelegele.

Mimi nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mtu wa nyuma akasema, "Huyo mpeni maji." Wakacheka.

Paskalia akapanda treni ya Tabora.

Jioni moja nilimpelekea Sista chai, nikajikaza. "Sista, kama ingekuwa sakafu peke yake?"

"Ungeshinda wewe. Kwa mbali."

"Sasa mbona uliongeza sheria? Nilidhani wewe ni mtu wa miduara."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Mimi nilikuwa wa kuruka, Romana. Nikiruka, watu wanasimama. Na kila mwaka alinishinda msichana mmoja mkimya, kwa miduara yake. Alikuwa hivyohivyo kama wewe, hatazami mtu usoni. Nilimwomba Mungu aniondolee chuki ile. Nilidhani ameiondoa."

Akasogeza kikombe. Nikammiminia nyingine.

Paskalia alirudi mwalimu, anapewa shikamoo na wakubwa. Nyumba yake ya kwanza, sakafu nilimsiribia mimi.

Ndugu yangu unayesoma, siku ukiambiwa sheria imebadilishwa ili haki itendeke, usihangaike kuuliza inamfaa nani. Uliza aliyeitunga aliwahi kushindwa na nani.