Dawa Aliyoiweka Akiba Nakhumicha

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi tu, mke wangu Nakhumicha alipasha ugali wa jana juu ya makaa, akanimiminia chai, akanicheka. Suruali yangu ya kazi ilikuwa imepasuka nyuma.

"Baba Dalmas, ukipanda ngazi leo mji wote utakusalimia."

Nilikuwa nabeba zege mjini, yale majumba marefu yalipokuwa yanapanda. Tulikaa Kangemi, chumba kimoja. Yeye alifua nguo za watu Parklands. Mashuka, mapazia, sare za shule. Shuka kubwa alilikunja peke yake, upande mmoja ameubana kwa kidevu. Wenye nyumba walimgombania.

Mikono yake haikukauka tangu tulipotoka kwetu Kimilili. Maji yalimla vidole. Ngozi ya katikati ya vidole iligeuka nyeupe, ikapasuka, ikanuka. Kucha zikawa nene, za manjano. Hospitalini wanaita fangasi. Yeye aliita mshahara wa pili.

Asubuhi hiyo ndipo alipoitoa dawa yake.

Hiyo dawa alipewa na memsahibu wake wa kwanza, mwaka ule Wahindi wengi walipokuwa wanafunga nyumba na kwenda Ulaya. Alimwachia blanketi, sufuria, na tyubu moja ya dawa ya fangasi, mpya kabisa. Nakhumicha hakuipaka. Kwetu kitu kizuri hakitumiwi siku kinapoingia nyumbani. Vikombe vya maua vinangoja wageni. Dawa nzuri inangoja ugonjwa mkubwa. Akaifunga kwa kitambaa, akaitia ndani ya sanduku la bati, na sanduku likapigwa na joto miaka yote hiyo. Vidole akavipaka mafuta ya kupikia.

Mwaka wa sabini na nne ikawa hawezi kukamua shuka bila kutoka damu. Ndipo akaifungua.

Saleha, jirani yetu, alikuwa mlangoni. Mtu wa Lamu, mume wake karani mjini. Alijua kusoma. Akaichukua ile tyubu, akaigeuza.

"Mama Dalmas, hii muda wake umepita zamani. Imeandikwa hapa, kwenye mkunjo."

"Muda gani? Hata sijaifungua."

"Hata ikifungwa inazeeka."

"We Saleha! Mtoto anahesabiwa miaka akiwa bado tumboni? Huyu anazaliwa leo."

Akakamua. Yalitoka maji kwanza, halafu kitu kama maziwa yaliyokatika.

"Haya," Saleha akasema, "huyo mtoto wako kazaliwa mzee."

Walicheka wote wawili. Na mimi nilicheka, nikaenda kazini.

Akawa anapaka kila asubuhi, kila jioni. Haikumwasha. "Si unaona?" alimwambia Saleha. "Ingekuwa sumu ningeungua." Kweli, hakuungua. Lakini nyufa hazikufunga. Ziliteremka mpaka kiganjani. Nilimwambia twende kliniki.

"Iishe kwanza," akasema. "Dawa mbili zikikutana zinapigana."

Jumapili moja alirudi kutoka kanisani ameubeba mkono wa kulia kama mtoto mchanga. Ulikuwa umevimba, una moto. Kutoka kwenye ufa wa kidole kulikuwa na mstari mwekundu, umepita kifundo, unapanda.

Sisi watu wa ujenzi tunapiga alama ukutani kujua kazi imefika wapi. Nilichukua penseli yangu ya kazi, nikapiga alama pale wekundu ulipoishia. Nikaenda kwa Saleha, mume wake atutafutie gari. Niliporudi, wekundu ulikuwa umeivuka alama.

Nimeona mtu akianguka kutoka juu ya jengo. Sikuogopa kama nilivyoiogopa ile alama. Nikapiga nyingine, mstari ukaenda upande.

"Inapanda?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Usinidanganye. Mkono ni wangu, nausikia."

Teksi ikaja. Jua lilikuwa kali nje na yeye meno yanagongana. Sikuutazama mkono tena. Nilitazama viatu vyake tu. Saleha alikuwa anasoma dua kwa sauti ndogo, na kila alipokatisha nilifikiri ameona kitu.

Hospitalini daktari aliuliza amepaka nini. Saleha akaitoa tyubu ndani ya buibui. Daktari akaisoma, akainusa.

"Hii haikumdhuru yenyewe," akasema. "Ilikuwa imekufa. Fangasi ikaendelea, nyufa zikabaki wazi, na uchafu mwingine ukaingia mpaka kwenye damu."

Mimi nilidhani dawa mbaya ni ile inayochoma. Sikujua inaweza kukaa tu juu ya ngozi, imenyamaza, na mtu anaitegemea.

Walimdunga sindano nyingi. Kesho yake vidole vilikuwa vyeusi. Daktari akasema mkono lazima ukatwe, juu ya kiwiko, leo hii, na hata hivyo hawezi kuahidi kuwa atapona. Nilitoka nje. Miguu haikutaka kurudi ndani. Nikairudisha.

Alikuwa ameshaambiwa. Midomo ilikuwa imemkauka, macho yamekuwa makubwa. Hakuuliza atafuaje nguo. Kwetu mtu anazikwa mzima. Kiungo kikipotea, mwenyewe atakitafuta huko kwa wafu. Hilo ndilo lililomtisha. Nililijua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu na mimi lilikuwa linanitisha.

Sista Hannah, muuguzi wa wodi, alileta karatasi ya kukubali kukatwa. Nakhumicha akapiga kidole gumba cha kushoto, sista akamfuta wino. Wakaanza kukisukuma kitanda.

Baada ya kukatwa hakuamka tena. Tulimzika Kimilili, mzima, mkono wake ubavuni. Niliuomba hospitalini, wakanishangaa, wakanipa.

Lakini pale kwenye mlango wa chumba cha kupasulia alikuwa bado hai. Alilishika shati langu kwa mkono wa kushoto mpaka wale wa kitanda wakasimama. Akasema hivi:

"Baba Dalmas, usiwaache wautupe. Upeleke nyumbani utangulie, mimi nitaufuata."