Fisi Mwenye Kopo Kichwani

Miaka ya tisini nilikuwa nakaa kwa kaka yangu kule Sitalike, kijiji ambacho ukitoka uani vibaya umeshaingia mbugani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na elimu yote hiyo niliitumia kukaa barazani. Wifi yangu aliwaambia wageni, "Huyu msimwogope. Hata jogoo akimkazia macho anajifungia ndani." Kazi yangu ilikuwa tuisheni ya watoto wa nyumbani na wa majirani.

Asubuhi moja ya ukungu, watoto waliokuwa wametoka kwenda shule walirudi mbio.

"Shangazi, mchawi! Yuko jalalani, anapiga kopo!"

Jirani yetu, mama wa Kisukuma, akafunga mlango, akasemea dirishani: "Wachawi wanapanda fisi, nyie hamjui?"

Wifi akatazama watoto, akawatazama tena. Binti yake wa darasa la kwanza hakuwepo. Kaka alikuwa safarini Inyonga, na wifi mwenyewe mimba ilikuwa imemfikia kidevuni. Akaniangalia. Nikageuka nyuma kuona anamwangalia nani.

Nikatoka na mwiko wa ugali. Sijui nilitaka kumsongea nani.

Nilisikia kabla sijaona. Ko, ko. Kimya. Ko. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya njia, mkojo unamtiririka miguuni. Mbele yake alikuwa fisi, kichwa chote kimezama kwenye kopo kubwa la mafuta ya mgando, lile la wapika maandazi, bati limemkaba shingoni. Anagonga mti, anarudi nyuma, anazunguka. Ndani ya bati pumzi yake ilisikika kama ya mtu anayelia chini ya blanketi.

Mtoto akapata kwikwi. Kopo likageuka upande wetu, likatulia.

Nikamziba mdomo. Fisi akaja moja kwa moja, akatupita karibu mno, uvundo wake ukanijaa puani. Akajigonga kwenye kichuguu, akaanguka, akainuka, akapotelea vichakani kuelekea mtoni. Ko. Ko.

Nyumbani jirani alifungua dirisha kidogo. "Haya, mchawi ni nani?"

"Hakuna mchawi," mtoto akajibu. "Ni kopo la jalalani."

Kwenye tuisheni ya jioni ile sikufungua kitabu. Tulikusanya makopo yote ya mtaa, nikawagawia mawe.

"Alifuata harufu ya mafuta," nikawaambia. "Kuingiza kichwa kulikuwa rahisi. Kopo lililopondwa bapa haliingii kichwa cha mnyama."

"Sasa yule fisi maji atakunywaje, shangazi?" binti akauliza.

Jibu nilikuwa nalo. Nikampa jiwe.

Wenzake waliponda kwa kelele na vicheko. Yeye hakuponda kopo hata moja kabla ya kuligonga kidogo, kuliwekea sikio na kusikiliza. Na mimi, na kidato changu cha nne, nikawa nasikiliza naye.