Bakuli Lililojaa

Kule milimani Naryn, ukimiminiwa chai hadi ukingoni umefukuzwa. Bakuli la mgeni hutiwa nusu, likiisha hurudishwa na kutiwa nusu tena, na heshima yote imo katika kule kurudirudi.

Burulkan alilijua hilo vizuri. Tangu aolewe na mwana wa kwanza wa nyumba ile, ambayo mimi hufikia kila nipitapo, kumimina chai ya samovari, lile birika kubwa la makaa, ilikuwa kazi yake. Kisha kitinda mimba akaoa. Kwa desturi yao, kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi, na samovari humwendea mkewe. Burulkan na mumewe walikuwa wakijenga ng'ambo ya kijito. Hakuna aliyemdhulumu, lakini roho ilimuuma kila Saykal, yule bibi harusi, alipoisogelea samovari.

"Vidole laini hivyo! Utaungua, mdogo wangu."

"Nitaungua, dada, nitazoea. Kwani wewe hukuungua?"

"Niliungua. Lakini sikukuta mtu keshaning'arishia samovari."

Siku mama yake Saykal alipokuja kumtembelea, mama mkwe alisema, "Burulkan, mimina wewe. Bado ni mahali pako."

Mgeni alitabasamu. "Na binti yangu atapapendezesha, inshallah."

Burulkan akajaza bakuli hadi ukingoni, akampa kwa mikono miwili.

Mgeni alilitazama bakuli, akaanza kujifunga mtandio wake. Saykal akamnyang'anya bakuli.

"Hilo langu, mama! Nilimwomba dada anijazie, koo limenikauka."

Akainywa chai yote, ya moto vile vile, machozi yakimlengalenga.

Mama mkwe akamgeukia Saykal. "Dada yako amechoka," alimwambia. "Kaa pale, umimine wewe."

Simwonei huruma Burulkan. Mahali pale pangekuwa pake hadi siku ya kuhama, na angekabidhi samovari kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, akishukuriwa. Wivu ulimnyima hata kile ambacho hakuna aliyetaka kumnyang'anya.

Vuli iliyopita nilipita nyumbani kwake kupya. Akanitilia nusu bakuli.

"Umeanzia kwao?"

"Ndiyo."

"Saykal anatia kiasi gani?"

"Nusu."

"Chai yake?"

Sikudanganya. "Nzuri."

Akachokoa makaa kwa nguvu. "Kila mtu anamsifu. Hata siku ile, mimi nimekosa, sifa akapata yeye."

"Vuka kijito ukamwombe radhi, Burulkan. Mtoto yule aliunguza kinywa chake ili kukusitiri."

"Nikamwombe, anisamehe, halafu azidi kuwa mwema?"

"Ndiyo. Na wewe uanze kuwa."

Alilichukua bakuli langu. Akamimina taratibu, akamimina, chai ikapanda mpaka ikavimba ukingoni, akanipa kwa mikono miwili.

Nikainywa. Kisha nikatafuta viatu vyangu.