Picha ya Tangazo la Msiba

Katika shule niliyofundisha Walukuba, darasa zima lilitumia akaunti moja ya kusanifu picha mtandaoni, na akaunti yenyewe ilikuwa yangu. Intaneti pia ilitoka kwenye simu yangu. Kwa hiyo kila alichotengeneza mwanafunzi nilikiona, nipende nisipende: kadi za harusi za watu wasiokuwepo, mabango ya mechi, hata mwalimu mkuu amesimamishwa kileleni mwa Mlima Elgon na suti yake ile ile ya kila Jumatatu.

Hiyo ya mwalimu mkuu ilikuwa zoezi la kufuta mandhari. Unabonyeza, ukuta ulio nyuma ya mtu unatoweka. Mabaki yake unayafuta kwa brashi. Walicheka mpaka darasa la jirani likalalamika. Aliyeshika upesi kuliko wote alikuwa binti wa askari magereza. Kwao walizungumza Kiswahili cha kambini, nami nilimpendea hicho, maana wengi huku bado wanakiona lugha ya askari na viboko.

Muhula wa pili nikakuta kwenye akaunti tangazo la kifo. Picha ya baba yake, maneno yote, siku ya mazishi tu imeachwa wazi. Nilijua mzee amelazwa Mbale. Nilipandwa na hasira, nikamwita pembeni.

"Baba yako amefariki?"

"Bado, mwalimu."

"Sasa hiki ni kitu gani?"

Alinieleza bila kulia. Mama yake hakuwa mke wa ndoa. Nyumba inayotambulika ilikuwa Nakaloke, na huko ukoo haukumjua yeye, au ulijifanya haumjui. Siku hizi mtu akifa, tangazo linakimbia kwenye simu kabla maiti haijaoshwa, na anayeonekana kwenye tangazo ndiye anayepewa kiti cha familia. Picha aliyochagua ilipigwa siku ya kipaimara chake: baba ameketi ndani ya sare iliyopigwa pasi, yeye kasimama nyuma, mkono begani mwa baba.

"Picha ingine ya uniform hakuna," alisema. "Watatumia hii tu. Watu wote wataona mimi iko mtoto yake."

Hasira iliniisha. Nilimwonea huruma, na nilimwogopa kidogo pia.

Baba yake alipokata roho, tangazo halikuweza kutoka hivi hivi, kwani siku ya mazishi hutajwa na ukoo, si na mtoto. Basi akamtumia baba yake mkubwa kiungo cha kuhariri ili ajaze siku. Ndivyo tulivyofanya kazi darasani: mmoja anaanza, mwingine anamalizia.

Mama yake hakuthubutu kwenda msibani, nikamsindikiza binti mimi. Tulikuwa Mbale tukitafuta usafiri wa Nakaloke tangazo lilipoingia kwenye simu yangu. Rangi zake, herufi zake, baba yake ndani ya sare, nyuma yake anga la buluu. Yeye hayumo. Aliichukua simu, akaivuta picha karibu. Juu ya bega la baba vilikuwa vimebaki vidole.

Baba mkubwa alitupokea penye turubai. Mimi nilisalimiwa vizuri.

"Mwalimu, hiyo kompyuta yenu ni nzuri sana. Watu ya fotokopi walitoa tu ule mwenye alikuwa nyuma. Sasa tunangoja ile kubwa ya kuweka mbele ya jeneza, bado kuprinti."

"Mzee," nikamwambia, "aliyekuwa nyuma ndiye huyu."

Alimtazama kuanzia viatu.

"Wageni wanakaa kule," akasema.

Tukakaa kule. Kwa ghadhabu nilikuwa natafuta maneno ya kwenda kumtolea mtu mzima mbele ya jeneza. Binti aliniomba simu. Nikampa kwa moyo mmoja, nikijua anakwenda kujirudisha. Picha nzima ilikuwa bado imo kwenye akaunti, na bango la mbele ya jeneza, ambalo lingetolewa humo humo, halijachapishwa.

Alifungua tangazo, akachagua brashi.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Hii vidole inaharibu baba. Watu watamcheka."

Akavifuta kimoja kimoja, taratibu, asiguse sare.