Tausi na Nyasi za Baba Yake

Tausi wa hapa Buhare, huyu tunayepakana naye ukuta, hajawahi kumaliza jambo lake mwenyewe hata moja. Nasema kwa hasira, na hasira yenyewe si juu yake. Shule aliiacha mama yake alipougua. Ndoa ya Bunda aliiacha mama alipofariki, maana mzee Twalha alibaki peke yake, na mume akasema hawezi kukaa na mke wa kuazima. Kaka mtu, Amini, yuko Mwanza na familia yake, anapiga simu. Basi ni Tausi na baba yake miaka yote hii, na mimi Mama Twalib upande wa pili.

Mzee Twalha alikuwaga fundi makochi pale mjini Musoma, mtu msafi kupita kiasi. Ukimpelekea kochi bovu, hagusi mpaka umelipiga vumbi mwenyewe. Mwaka juzi aliteleza kwenye sementi ya uani akitoka kutawadha, nyonga ikavunjika. Akawa wa ndani tu. Hasemi, hali chakula vizuri, akikuona anageukia ukutani. Tausi akakonda kuliko mgonjwa.

Ndipo Amini akaja na wazo lake la kutandika nyasi bandia ua mzima, ziwe laini, mzee asiteleze tena. Kwa hilo nilimsifu, sina choyo. Fundi Ngusa alitoka Bunda akazitandika juu ya kokoto na mchanga, na mzee akatolewa nje na kiti chake. Jamani, alifufuka. Akawa anaswali palepale kwenye kiti, na baada ya alasiri wazee wenzake wanakuja, wanakunywa kahawa, wanabishana mpaka magharibi. Tausi akaniambia, "Mama Twalib, mimi sitaki kingine duniani. Baba akikaa hapo nje na wenzake, nimeshapata."

Ngusa alimwelekeza vizuri namna ya kuzisafisha. "Nyumba yenu haina watoto, haina mifugo," alimwambia. "Fagio gumu kila wiki, mpira wa maji mara moja kwa mwezi, basi. Sabuni ni pale kitu kikimwagika. Kuzifumua na kuosha chini ni mpaka zianze kunuka. Usizidishe, dada. Kuna watu wanaziosha mpaka wanaziua." Tausi akashika hivyo, na nyasi zikapendeza.

Masika ikaja. Siku moja geti lilikuwa wazi, na mbwa wa jirani yetu Mugeta, kalowa mvua chapachapa, akaingia akajilaza katikati ya nyasi. Mzee alimwona kupitia dirisha. Alipiga ukelele nikausikia kwangu.

Ustadhi akaitwa. Akasema jambo lipo wazi, ni najisi nzito: paoshwe mara saba, moja yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo. "Pale alipolala tu, mzee wangu," akasisitiza. Lakini mzee akasema maji ya mvua yalikuwa yanatembea, nani anajua yamefika wapi? Zioshwe zote. Na udongo usiwe wa hapa mjini, maana hapa mjini kila udongo mbwa kaukanyaga. Basi Tausi akapanda bodaboda mpaka Bugwema, akarudi na kiroba cha udongo mweusi wa shambani.

Mimi nilimkatalia hiyo kazi waziwazi. Nikamwambia, "Ustadhi kasema pale alipolala. Ukianza kumfuata baba yako kwa hili, hutafika." Akanijibu, "Asipotoka nje atakufa, Mama Twalib." Akapiga magoti, akasugua ua mzima kwa brashi mara saba, maji ya udongo yakiwamo, kama alivyoagizwa.

Udongo ule wa mbuga, kila mtu wa huku anaujua. Ukilowa unanata, ukikauka ni jiwe. Uliziba matundu yote ya chini ya nyasi ya kupitishia maji, yakawa hayashuki. Yakasimama, yakachacha, harufu ikatoka. Mzee akatolewa nje, akanusa mara moja, akasema, "Mnasikia? Najisi hiyo haijatoka." Akarudishwa ndani. Wazee wenzake wakija wanakuta kiti kitupu, wanasalimia, wanaondoka. Tausi akaosha tena kwa sabuni, kisha kwa dawa ya chooni, na rangi ya nyasi ikapauka.

Ngusa akaja akazifumua zote, akaziosha pande mbili, akaondoa ule mchanga akaweka mwingine. Zikakauka, hazinuki kabisa. Mzee akauliza, "Mlipozifumua mlizianika wapi?" Wakamwambia kule nje ya ukuta, ndiko kwenye jua. "Kule kule mbwa wanakopita," akasema, na hakutoka. Ngusa alipokuwa anafunga vifaa vyake nilimsikia anamwambia Tausi taratibu, "Dada, mimi sina tena kiwango cha juu ya hapa. Hizi nyasi ni safi." Ustadhi naye alirudi, akamwambia mzee huo ni wasiwasi wa shetani, dini haina ugumu huo. Mzee akasema Ustadhi bado kijana.

Hospitali walimpeleka. Daktari akasema ni akili inachakaa kwa uzee, na itaendelea hivyo. Amini akapiga simu, eti, "Tausi, ongeza usafi." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilitamani nimnyang'anye dada yake ile simu.

Halafu asubuhi moja Tausi akampelekea baba yake uji. Mzee hakuutazama uji, aliitazama mikono. Ilikuwa imepasuka kwa sabuni na brashi. "Mikono hiyo ndiyo iliyoshika zile nyasi," akasema.

"Nimeiosha, baba."

"Umeiosha na nini?"

Akaiosha mbele yake. Akachota udongo wa Bugwema uliobaki, akaiosha na huo pia, mpaka damu ikatoka kwenye nyufa. Mzee akageukia ukutani. Siku hiyo hakula, na kesho yake hakula. Tausi akaja kwangu, hakulia. Akasema, "Wewe hukuzigusa."

Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa. Tausi anapika, mimi napeleka sahani. Yeye anasimama nyuma ya pazia la mlango, kwa sababu akimwona tu, mzee anafunga mdomo. Nilimwambia mzee napika mimi, na hilo Mungu anisamehe. Juzi ilikuwa sato wa nazi, na ugali laini kama anavyopenda. Mzee Twalha alikula akamaliza, akafuta vidole, akaniangalia kwa upole ambao sijauona kwake muda mrefu.

"Allah akulipe, mwanangu," akasema. "Mimi sikujaliwa binti wa kuniangalia namna hii."

Pazia likasogea kidogo, ukaingia mkono wa Tausi na kopo la maji ya kunywa, nikalipokea haraka kabla mzee hajauona.