Dari Aliyoishona Shangazi

Nilikuwa nachanganya rangi dukani baba mdogo aliponipigia simu. "Mwanangu, shangazi yako ametutoka. Moyo umesimama akiwa kwenye cherehani." Nilifunika kopo nikalikalia. Nilitafuta sala, nikapata "Ee Mungu" tu.

Mtaani wanamkumbuka kwa magauni aliyoshona. Sisi wa nyumbani tunamkumbuka kwa dari.

Bibi, mama yake, alipopooza miguu, chumba chake chini ya mabati kilimgeuka tanuri. Mchana akawa anazimia. Baba mdogo akataka kumhamishia kwake, mbali. Bibi akagoma, humo ndimo alimozalia wanawe wote.

"Niachie kwanza, nijaribu kitu," shangazi alimwambia baba mdogo.

Akakusanya pakiti tupu za maziwa ya unga, zile zinazong'aa ndani kama kioo. Akaziosha, akazipasua, akaziunga kwa cherehani zikawa shuka kubwa, akalibandika kwenye mabati. Joto halikupungua. Baba mdogo alipapasa juu akacheka.

"Dada, bati umelivalisha nguo ya harusi, lakini homa iko palepale."

"Cheka tu, meno ni yako."

Jibu alilipata akipiga pasi. Alijaribu kipande cha pakiti juu ya kiganja chake. Pasi ilipokigusa, aliungua. Alipoiinua kidogo, ule mng'ao ulirudisha joto lilikotoka, kiganja kikabaki salama. Kumbe kosa lilikuwa kubandika. Akabandua shuka lote, akalitundika kwa waya chini ya mabati, uso wa kung'aa ukiangalia juu, katikati akaacha nafasi ya hewa. Ukutani akatoboa matundu ya kutolea hewa ya moto.

Mchana uliofuata bibi hakuzimia. Aliomba chai.

Baba mdogo hakutaja tena habari ya kuhama. Aliuliza tu, "Na kwangu utanishonea lini?" Alimshonea, na majirani wakafuata.

Siku ya kumzika shangazi, bibi asingeweza kufika makaburini, kwa hiyo jeneza tulilipeleka chumbani kwake. Ilikuwa adhuhuri, nje jua kali. Tulisimama tumebanana chini ya ile dari na hakuna aliyetoka kutafuta kivuli. Bibi alimshika mwanawe shavu, akamwombea bila haraka mpaka akamaliza.

"Tangulia, mama. Mungu akupokee."

Tukafunika, tukambeba. Kaburini tulisali, tukafukia, kisha tukarudi kukaa na bibi.