Tulitumwa na Kila Mtu

Nilikuwa nimeketi kwa jirani hapa mtaani Woodley, kwenye matanga ya binti yake, wakati wanawake walipofunua sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Harufu hiyo, rafiki yangu, ilinirudisha utotoni bila kuniuliza.

Enzi zetu mtoto alikuwa wa kutumwa. Mtu mzima yeyote akiita, "We, kuja hapa!" unaenda, hata kama humjui. Unambebea mama wa watu kiondo kutoka Dagoretti Corner, unamchotea mwalimu maji, unapewa andazi la moto linalochoma ulimi. Ukikataa, habari inafika nyumbani kabla yako, na nyanya anakungoja na mwiko. "Unataka niaibike?" Mwiko wenyewe alitoka nao Machakos, lakini hayo ni mengine.

Basi huyu binti wa jirani, msichana wa miaka kumi na nne, alilelewa vivyo hivyo, na sisi wazee tulimsifu sana. Jumamosi moja alienda kununua mkate, hakurudi. Mama yake alikimbia kituoni. Askari akacheka: "Mama, huyo ako kwa boyfriend. Akichoka atarudi." Tukazunguka na picha yake hospitali zote za Upper Hill, wodi kwa wodi, mpaka mochari. Wapi!

Halafu mwanamume mmoja akashikwa akiuza simu ya msichana huyo. Askari walipochimba nyuma ya nyumba ya mwanamume huyo walimpata binti, na kando yake wakapata wasichana wengine, ambao hakuna askari aliyekuwa anawatafuta. Mwanamume huyo alisema hakumvuta mtu. Alikuwa anasimama barabarani na magunia mawili, anasema, "Msichana, nisaidie na hii moja." Wakabeba mpaka mlangoni kwake.

Pale matangani mama alinishika mkono. "Mzee, si ni mimi nilimfundisha?"

Jana mtungi wa gesi ulinilemea getini, nikamwita mdogo wa marehemu aje ashike upande mmoja. Mtoto niliyemjua tangu azaliwe! Akanitazama, akakimbia ndani, nikasikia kufuli. Mama yake alikuwa dirishani na hakumgombeza. Zamani hiyo ingekuwa aibu ya ploti nzima. Mimi nilisimama pale nikihema, nikajisikia nikisema polepole: funga na komeo pia, mwanangu.